Mfuniko

Niliikuta juu ya ndoo ya maziwa ya mama Nsajigwa,
sokoni Tukuyu, siku ambayo mbingu haikutaka kuamua
iwe ukungu au iwe mvua.
Duara jeusi. Kwenye tundu la katikati
kachomeka gunzi la hindi liwe kishikio.
Nilidhani plastiki. Nikainama nione kama maziwa yameganda vizuri,
mwanga ukateleza juu ya lile duara:
mistari, mistari, mistari.

"Mama, hii ni santuri."
"Huu ni mfuniko," akasema. "Unachukua lita ngapi?"

Nilichukua lita mbili nisizozihitaji
na mfuniko wa bati dukani kwa Sanga.
Tukabadilishana palepale, yeye akimwambia jirani yake
jambo kwa Kinyakyusa nililolielewa nusu. Nusu ilitosha.

Kituo chetu kiko juu ya duka la pembejeo.
Hewani tunasema "kutoka kilele cha Rungwe";
ukweli ni ngazi kumi na nne na harufu ya mbolea.
Miaka tisa natangaza pale, zamu ya usiku,
nikipiga ninazoletewa kwenye flashi,
nyimbo zilizopigwa pasi mpaka hazina kunjo.

Nikaiosha kwa sabuni ya kipande na mswaki wangu mwenyewe.
Siagi ilitoka kwenye mifereji,
ikatoka na nusu ya lebo.
Yakabaki: —LA JAZZ, na UPANDE WA PILI,
na mwaka uliolambwa tarakimu mbili.

Gramafoni ilikuwa chini ya meza, imebeba betri la gari.
Fundi Anyosisye akaitafutia sindano, hakusema alikoitoa.
Saa nne na robo usiku, bila kuijaribu kwanza
(sheria ya kituo, ipo ukutani, niliiandika mimi),
nikaishusha.

Kwanza mchakato wa kuni mbichi motoni.
Kisha gitaa, jembamba, kwa mbali,
kama mtu anayeita ng'ambo ya korongo
akiwa na hakika ya kuitikiwa.
Besi likafuata bila haraka.
Halafu tarumbeta zikaanza kupanda
na zilipokaribia juu zikateleza, zikarudi,
zikapanda, zikateleza, zikarudi,
kama Fuso la viazi Mlima Nyoka.

Nikanyoosha mkono. Simu ikalia.

"Usiguse sindano."
Sauti ya bibi.
"Hesabu. Ya saba itapita yenyewe."
Nne. Tano. Wilaya nzima inasikia kituo kimeharibika.
Sita.
Ya saba ikapita, wimbo ukatoka mbio
kama ndama waliofunguliwa.

Hakusema haloo. Alisema:
"Huo mkwaruzo ni kisigino changu.
Tusekile, wa Katumba. Mwaka wa sabini na nane,
sebuleni kwetu, sakafu mpya ya saruji.
Asagwile kaiweka chini afute sindano,
mimi bado nacheza.
Alininunia siku mbili. Ya tatu akaipiga hivyo hivyo,
akatunga hatua saba za pale inaporuka.
Watoto wetu walikua wakidhani wimbo uliumbwa hivyo.
Siku nilipousikia harusini Mbeya, mzima, hauruki,
nilijikwaa."

Nikamuuliza kama anaitaka.
Akanyamaza. Nyuma yake redio yake
ilikuwa inanirudishia pumzi zangu.
"Niicheze na nani? Wewe ipige Ijumaa. Nitasikia."

Ilifikaje kwenye ndoo, sikumuuliza.
Kijana wetu wa mitambo anasema mkwaruzo ule
anaweza kuufuta kwa kompyuta, dakika tano tu.
Nimefunga kabati, ufunguo ninao shingoni.

Jana mama Nsajigwa kapanda ngazi zote kumi na nne,
mfuniko wa bati mkononi, anahema.
Unateleza, anasema, hauna pa kushika.
Santuri ilikuwa inazunguka. Akaisikiliza amesimama,
upande mzima, na zile saba akazihesabu kwa kidole pajani,
maziwa yake yakimsubiri chini kwenye manyunyu.
Akasema si mbaya.
Akasema hata hivyo
gunzi lake nimrudishie.