Ngazi ya Igogo

Kwetu Igogo ngazi hazilingani:
moja jiwe, ya pili tairi,
ya tatu huifikii bila kushika ukuta wa jirani.
Baba kazipanda miaka thelathini
na mbao za marimba begani.

Marimba yake yana hatua saba, zote sawa.
Hakuna nusu, hakuna bwana,
hakuna sauti inayongojewa nyumbani.
Alipima kwa sikio: huchonga, hupuliza vumbi,
hugonga, hununa.

Mwalimu Bulegi wa kwaya akaja na kinanda cha betri.
Akabonyeza mi. Baba akagonga. Siyo.
Akabonyeza cheusi cha pembeni. Siyo pia.
"Mzee Lugwisha, sauti yako imeanguka katikati."
"Haijaanguka. Imesimama.
Kinanda chako ndicho kinairuka."

Tukacheka, hata mwalimu.
Kisha akaomba ile moja igongwe tena,
na tena,
mpaka chai ikapoa.
Chini ziwani injini ya wavua dagaa
iliivuma hiyohiyo. Siapi;
huenda ni masikio yangu.

Leo nashuka na ndoo, tochi imekufa.
Mguu unatafuta jiwe
pale katikati, penye hewa tu,
na kwa mara ya kwanza siharakishi.