Mwandishi wa Pili

Fomu haikubali nafasi tupu.
Jina: Endel Kukk.
Barua pepe: hana, nimeweka yangu.
Taasisi —
na hapo maandishi mekundu yanawaka:
sehemu hii ni ya lazima.

Saa saba usiku, Tartu, mwezi wa pili.
Theluji imeziba nusu ya dirisha la maabara,
chai imeshika utando.

Endel hana taasisi.
Ana nyumba ya mbao kando ya kinamasi,
mbwa mmoja kiziwi,
na madaftari ya shule thelathini na moja
ambamo kila asubuhi, tangu enzi za uhai wa mkewe,
ameandika kwa penseli kina cha maji:
sentimita kumi na nne.
Kumi na tatu na nusu.
Korongo wamerudi.
Leo sikwenda. Mguu.

Mimi nilikuja na vyombo vya kuazima,
nikapima miaka minne, nikajiona mjuzi.
Daftari la kumi na tisa likanifunga mdomo.

Jarida la kwanza lilitukataa kabla ya chakula cha mchana.
La pili lilikaa na makala miezi kumi na mmoja.
Mhakiki wa kwanza akasema: safi, rekebisheni jedwali.
Mhakiki wa pili, huyo asiye na uso,
akasema lugha yangu inachechemea,
akasema penseli si kipimo,
akasema siku zilizokosekana nizijaze kwa makisio,
tena ingefaa ninukuu makala hizi tano,
zote tano za mtu mmoja.
Nyani haoni kundule;
huyu kaliona, kalipenda, anataka tulinukuu.

Nilinukuu mbili. Mungu anisamehe.

Kuiacha makala wazi kwa wote ni mshahara wangu wa miezi miwili.
Ikifungwa, Endel atalipa yuro thelathini na tisa
kuyasoma maji yake mwenyewe.

Profesa Vaher alinishauri kwa upole, mkono begani:
mtaje kwenye shukrani, kule mwisho,
jirani na kampuni iliyotupa betri.
Shukrani ya punda ni teke.
Yetu ni herufi ndogo.

Jioni nilimpigia Endel, nikamweleza
maana ya mwandishi wa pili.
Kimya. Mbwa alikuwa akikwaruza mlango.
"Wa kwanza nani?"
"Mimi."
"Haya. Ila ile siku ya mguu," akasema,
"usiitie namba. Sikwenda."

Sikuitia.
Kwenye jedwali kuna shimo dogo jeupe,
tarehe tisa Novemba,
na mhakiki wa pili na alikodolee macho.

Narudisha mshale kwenye kisanduku.
Taasisi: Kinamasi cha Hallika.
Idara, fomu inauliza.
Naandika: Maji.

Wekundu unazimika.
Chini kabisa kuna kitufe kimoja.
Kinasema: Endelea.