Jiwe Kwenye Friza ya Mama Sizya

Igalula, mwezi wa tisa. Reli inatoa mvuke wa joto,
mbuzi wamelala kivulini mwa behewa bovu,
na Mwalimu Nyamizi anaandika ubaoni: NCHA YA DUNIA.
Huko, anasema, jua huzama likakaa miezi bila kuchungulia.
Upepo unachuna ngozi. Udongo ni jiwe, maji ni jiwe.
Na bado kuna kitu kinaota.

Tukacheka. Barafu tuliyoijua sisi ni ya ukwaju,
shilingi mia, unang'ata kona ya mfuko unafyonza.
Shija, aliyekuwa akirudia kidato cha pili,
akauliza bila kunyoosha kidole:
"Kinakula nini?"

Hakumjibu. Alitutoa nje hadi mwamba ulio nyuma ya choo,
ule tuliokuwa tukianikia viatu,
akagusa baka la kijivu, kavu kama ukurutu.
"Hiki hapa. Kuvumwani. Si mmea, wala si mmoja.
Kuvu amejenga kuta; mwani yumo ndani, anapika kwa mwanga.
Huyu hana jiko, yule hana nyumba.
Ndugu zao wamejaa kule kwenye theluji,
weusi, wa rangi ya chungwa, wamejibana
mpaka hujui jiwe linaishia wapi."
Akataja na maua ya huko, mafupi kuliko kifundo cha mguu,
yanayobanana kama vifaranga,
yenye manyoya, yenye sukari katika utomvu yasigande,
yanayogeuza shingo kutwa nzima kulifuata jua
maana hayajui litaondoka lini.
Shija akasema: uongo.

Ndipo ukaja ubishi wa friza.
Mwalimu alibandua kipande cha mwamba, akakifunga kwa gazeti,
akampelekea Mama Sizya dukani.
"Jiwe? Lilale na migebuka yangu?"
"Wiki tatu tu."
"Na umeme nani analipa?"
Walielewana kwa kilo ya sukari.

Likatoka jeupe, na sharubu za barafu, linanuka Kigoma.
Tukaliacha juani likauke. Shija ndiye aliyeshika kikombe.
Akamwaga.
Moja, mbili, tatu,
hakuna kitu.
Nne,
kijani kikapanda kutoka ndani, bila haraka,
kama mtu aliyeitwa kwa jina usingizini.

"Hakikufa," akasema Mwalimu. "Kilifunga duka tu."
Kengele ikalia, tukaenda kwenye hisabati.

Miaka kumi na sita.
Nimeshuka treni ya usiku na begi moja
na barua ya kampuni: tumepunguza watu.
Mama Sizya amehama. Friza yake imelazwa chali uani,
kuku wanataga palipokuwa na migebuka.
Mlango wa duka umeegeshwa kwa jiwe.

Nikainama. Baka lilelile. Kama limekua,
limekua unene wa ukucha wa mtoto.
Kijivu, limejikunyata,
mtu angelifuta akidhani ni uchafu.

Chupa niliyonunua Manyoni ilibaki na funda moja.
Nilikuwa na kiu.

Nikamwaga.
Moja.
Mbili.