Jibu kwa Afisa wa Ununuzi

Umeniuliza, Bwana Nyandoro, kwa karatasi yenye visanduku viwili,
kama darubini za bunduki za shilingi elfu saba
zinatosha.
Weka tiki, umesema.

Nianze na uzuri wake, nisije nikaitwa mlalamishi.
Saa nne asubuhi, machimboni chini ya Menengai,
tulisimamisha katoni ya mafuta ya kupikia
hatua mia moja. Kiptalam akalala kifudifudi,
na risasi tatu zikaingia ndani ya herufi O
kama kuku wanaorudi bandani.
Tukacheka. Tukasema, kumbe wenye maduka ya Nairobi wanatuibia.

Kisha gari likatupeleka Barut.
Barabara ile unaijua? Huijui.
Mawe yake yanalegeza meno, sembuse skrubu.
Tulipofika tukapiga tena, kwenye kichuguu,
na shabaha ilikuwa imehama shubiri nzima kushoto
bila kuaga.
Mvua ya Aprili nayo ikapenya ndani ya kioo,
ikakaa humo siku nne
kama mgeni aliyeambiwa jisikie nyumbani.

Sisi si wawindaji, unafahamu.
Uwindaji ulipigwa marufuku kabla mama hajanizaa.
Sisi huitwa nyati akivunja ua wa mbuga
akalala kwenye mahindi ya watu,
na simu ya chifu haiji saa nne asubuhi.
Inakuja jua likishazama nyuma ya Mau.

Jioni ile ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi.
Ukingoni mwa shamba, kitu cheusi, kinene, kimeinama.
Nikakiweka kwenye msalaba mwembamba wa kioo.
Kwa macho matupu mwanga ulikuwa bado wa kumenyea kitunguu;
ndani ya kioo usiku ulikuwa umeshafika,
umevua viatu.
Kidole kikatoka pembeni, kikagusa chuma.

Kile kitu kikakohoa.

Kikohozi cha kifua, cha mtu wa jiko la moshi.
Taprandich, na koti lake la nailoni nyeusi,
mzigo wa majani ya ng'ombe mgongoni,
anafunga kamba iliyokatika.
Na nyati? Alikuwa upande wa pili, kando ya choo,
anatutazama sote wawili
kama hakimu aliyechoshwa na kesi.
Akageuka, akarudi mbugani kwa tundu alilolitoboa mwenyewe.
Sikupiga. Mikono ilikuwa maji.

Niliwahi kuazima ya afisa mmoja wa Naivasha, ile ya laki na nusu:
jioni kama ile unahesabu kupe sikioni.
Ingenionyesha kitambaa chake cha maua, mara moja.
Hilo ni kweli, liandike.
Lakini andika na hili: hii ya bei ndogo siiamini,
na kwa kuwa siiamini nilingoja pumzi moja zaidi,
na ndani ya pumzi ile mtu akakohoa.
Kioo kizuri ningekiamini.
Siku kitakaponidanganya, nani atakohoa?
Nimelala na swali hili wiki mbili, mke wangu
amehamia chumba cha watoto.

Rahisi ni ghali, wanasema. Waliosema hawakuwahi kujaza fomu yako.

Sijaweka tiki.
Pale ulipoandika *kwa matumizi ya ofisi* nimeandika saa,
na jina la Taprandich, kwa herufi kubwa,
ili mhuri usije ukalifunika.
Ukinunua zile zile, nunua na betri za tochi.
Na bisibisi. Tunayotumia ni ya Kiptalam,
naye anahamishiwa Kitale mwezi ujao.