Mpigo wa Saba

Ukumbi uko nyuma ya kinu cha mchele, Kochani,
mji wetu wa Masedonia ambako watu huingia matopeni
hadi magotini, wakatoka na sahani nyeupe.
Nimefika saa kumi, kabla ya wapishi.
Nakisimamisha kinanda juu ya miguu yake ya chuma.
Mmoja umepinda; nauwekea kadi ya mwaliko
iliyokunjwa mara nne.
Bwana na bibi arusi wamezibeba oktava zangu tano
na hawana habari.

Tulikuwa watano, na gari moja bovu.
Sasa niko mimi na waya.
Mkono wa kushoto ukibana sauti tatu
besi anaamka, gita anaamka,
fidla sita zinainuka pamoja
kama darasa mwalimu anapoingia.
Hawa hawali. Hawadai nauli.
Hawagombanii kiti cha mbele.
Wakati mwingine, kati ya nyimbo, nawaulizia chai.

Lakini ngoma si ya kiwandani.
Baridi ile, wiki moja kabla hajaondoka,
Ferus alikuja chumbani kwa mama na tapani begani.
Tukaziba madirisha kwa mablanketi.
Akapiga:
mbili, mbili, tatu,
mbili, mbili, tatu,
mpaka jirani akagonga ukuta kwa hasira,
akagonga saba.
Nikachukua duru nane, nikazikata, nikazishona,
nikazilaza kwenye namba mia na kumi na nne.
Katika duru ya sita mpigo wa mwisho unachelewa,
kiasi cha kumeza mate. Fimbo ilimteleza.
"Futa hiyo," alisema.
"Nitafuta," nikasema.

Miaka tisa anaendesha lori, Shtutgati na kurudi.
Miaka tisa nampiga kila Jumamosi.

Leo mpwa wake Sevdia anaolewa.
Ferus yuko meza ya nne, kitambi, mvi masikioni,
anachambua mfupa wa samaki kwa makini ya fundi saa.
Bibi arusi anataka rekodi, tena ya moja kwa moja,
ya kumpelekea kaka yake Melbani
ambaye hakupata likizo.
Nabonyeza kitufe chekundu.
Kuanzia hapo hata kikohozi ni muziki.

Mjomba wa bwana arusi ananibandika noti pajini.
Inadondoka juu ya vibonye; naikwepa,
nakanyaga sauti isiyokuwa na mwenyewe.
Imeshaingia. Iache.

Kisha: mia na kumi na nne.

Ferus akainua kichwa
kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni.
Mnyororo wa wachezaji ukaanza kuzunguka,
mikono imeshikana, leso mbele.
Duru ya kwanza. Ya tatu. Ya tano.
Nilitaka kumtazama usoni, nikaogopa,
nikatazama vidole vyangu kama mwanafunzi.

Ya sita.

Na ukumbi mzima, wazee, wasimamizi,
vitoto vya miaka minane visivyomjua,
wakaning'iniza mguu hewani,
wakangoja,
kiasi cha kumeza mate,
wakatua.

Si mashine. Wao.
Bonde zima limejifunza kuteleza kwake.
Kochani ngoma hii huchezwa hivyo sasa;
ukiwahi, wanakuuliza umetokea wapi.

Ferus alisahau kufumba mdomo.
Duru iliporudi, akachukua kijiko,
na mguu ulipotundikwa tena pale juu
akagonga glasi, mara moja,
palepale walipotua.

Saa tisa usiku nasikiliza garini, injini imezimwa.
Viti. Mtoto anadai soda.
Noti yangu ile mbaya.
Na kijiko, mbali, kushoto,
chembamba kama sindano iliyoanguka bafuni.
Nilimwahidi Sevdia rekodi safi.

Kioo kinagongwa. Ni yeye, koti mabegani,
mvuke mdomoni.
"Hukufuta."
"Nitafuta," nikasema.
Nikachomoa fleshi,
nikaitia mfuko wa shati,
nikafunga kifungo.