Nyongeza

Kibanda changu kipo Kirumba, nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga:
runinga tatu, padi nane, moja haina kitufe cha kushoto.
Mia mbili kwa gemu. Jenereta ikiwaka, mia tatu.
Sijapata kuwa mtu wa kulalamika.

Mashine ile ya zamani ilikufa Jumanne,
ikaungulia ndani kama maharage, harufu ikafika barabarani.
Nikanunua nyingine, mtumba, kwa fundi Lufungulo wa Makoroboi,
nikatia diski ileile, yenye mikwaruzo ninayoijua mmoja mmoja,
nikaingia mtandaoni kukichukua kile kisiwa.

Kisiwa hakikuwamo kwenye diski.
Walikitoa bure, mwaka Doto alipoanza darasa la kwanza:
daraja la kamba, mnara wa taa, mamba aliyelala chini ya gati
ambaye ukimrukia mgongoni mara tatu anakupa ufunguo.
Nilikipakua kwa bando la usiku,
nikiamka kila saa kutazama asilimia
kama mtu mwenye mgonjwa ndani.

Sasa ni maandishi meupe juu ya weusi:
Maudhui haya hayapatikani tena.

Watu wananiambia, kilikuwa cha bure, Nkwimba, unadai nini?
Cha bure hakina risiti.

Mama yangu aliuza dagaa Mwaloni miaka ishirini na sita.
Akishapima sado, huongeza konzi moja juu. Nyongeza.
Hakuiandika popote.
Lakini sijamwona hata siku moja
akimfuata mteja hadi Igoma, afunue sufuria jikoni kwake,
aihesabu konzi yake, airudishe guniani.

Najua, najua. Mtambo wao unakula umeme mahali fulani,
kuna kijana analipwa kukesha nao.
Mimi mwenyewe niliwahi kuweka mtungi wa maji nje ya kibanda,
na kikombe cha bati, kwa wapita njia,
na malaria iliponilaza wiki mbili ukakauka,
mtu mmoja akaupiga teke, akanitukana.
Mtungi wa bure nao una mtu anayeuinamia bombani.
Simlaumu aliyechoka kuteka.

Ila mimi nilipochoka niliuacha palepale.
Mama Ng'walu wa mkaa akaujaza, wala hakuniuliza.
Hawa wameuvunja, wameokota hadi vigae,
na aliyejiwekea kikombe kimoja ndani ya flashi
wanamwita mwizi.
Kama hamtaki kuteka, tuachieni mtungi.
Ni hilo tu. Sina hoja ya pili.

Ijumaa jioni Doto alikuja na pacha wake Kulwa.
Wako kidato cha pili, sauti zimeanza kukwaruza.
Wakaomba kisiwa. Nikawaonyesha maandishi.
Doto akasoma mara mbili, midomo ikicheza,
kisha akabandua ukutani kalenda ya mwaka jana, ya duka la nyavu,
akaigeuza, akachukua kalamu ninayoandikia madeni:
gati hapa, mnara kule.
"Daraja lilikuwa kaskazini," Kulwa akasema.
"Kusini. Ulianguka pale, ukalia."
"Sikulia."
Wakabishana mpaka mpunga wa siku ile ukaisha,
mashine ikazimwa,
kimya kikatuangukia wote kwa mpigo.

Ndipo wakanigeukia mimi, kama shahidi.
Dada, daraja lilikuwa upande gani?

Nimekivuka kisiwa kile labda mara elfu.
Nikafungua kinywa.
Mamba yuko wapi, nikawauliza,
chora kwanza mamba.