Sentimita Nne

Saa tisa za usiku mgongo humwamsha Risten
kabla ya mbwa, kabla jiko halijapoa.
Hageuki kitandani. Hujihamisha
kama mtu anayesogeza kabati peke yake:
kwanza bega, halafu nyonga,
halafu subira.

Ni Januari Kautokeino, jua halijachomoza tangu Novemba.
Anavaa viatu vya manyoya huku ameketi,
mguu wa kushoto akiuvuta kwa mkanda,
anatoka, anaizunguka nyumba mara kumi na mbili,
theluji ikilia chini ya nyayo,
mpaka kiuno kinaanza kukumbuka kazi yake.

Hilo ndilo walilokataa kumwelewa miaka saba:
kulala kunamuumiza,
kutembea kunampumzisha.
“Ni uzazi,” alisema wa kwanza.
“Ni pikipiki ya theluji,” akasema wa pili, bila kuinua macho.
Shangazi Elle akasema ni baridi,
akamfunga kiunoni ngozi ya kulungu.
Nami, kwa lugha hii ninayoandikia,
ningemwongezea kosa jingine:
sisi twauita baridi yabisi,
jina lenye theluji ndani yake,
na kumbe mwilini mwake ni moto.

Daktari Torunn alimgeuzia kioo cha kompyuta.
“Tazama hapa, nyonga inapokutana na uti.”
Weupe mdogo,
kama taa iliyosahauliwa ikiwaka ghalani.
“Si mzigo uliobeba. Si uzee, una miaka thelathini na mitatu.
Askari wa mwili wako wamekosea mlango.
Wanapiga pale kano inaposhika mfupa,
na mfupa, kwa kujihami, unaota daraja,
pingili kwa pingili.
Tukiuacha, mgongo utakuwa gogo.”

Kikulacho ki nguoni mwako, tunasema.
Hiki hata nguo hakikuhitaji.

Njiani kurudi alikumbuka picha ya babu Ánde
mbele ya hema, kofia mkononi, akitazama viatu vyake.
Ukoo mzima ulisema: mzee alikuwa mnyenyekevu.
Risten alisimamisha gari kando ya barabara
akacheka mpaka mbavu zikamkataza,
kisha hakucheka.

Kwanza vidonge vya kutuliza uvimbe;
tumbo likalalamika, vikabadilishwa.
Kisha sindano, moja kila wiki mbili,
dawa inayoogopa joto na kuogopa kuganda.
Mifugo inapohama anaibeba ndani ya soksi ya sufu
ndani ya chupa ya chai isiyo na chai,
na nduguye Juhán humkejeli:
“Watu wote duniani wana friji ya kupozea,
wewe unayo ya kupashia.”

Lakini sindano haikunjui mtu.
Hilo analifanya mwenyewe, sakafuni,
asubuhi na jioni, watoto wakimkalia miguu:
kuinua kifua, kuvuta pumzi mpaka mbavu zitengane,
kuangalia nyuma ya bega kama anayeitwa.
Siku nyingine anaacha. Siku nyingine analia
kwa sababu ya soksi tu, soksi isiyofikika.

Kliniki humsimamisha ukutani,
visigino nyuma, mgongo nyuma,
na kupima pengo kati ya kisogo na ukuta.
Sentimita nne, ziliandikwa mwezi wa pili.
Nyumbani hana rula. Ana kiberiti.
Anakiweka nyuma ya kichwa kwa upana wake,
anakiachia,
na majira yote ya kuchipua kilianguka, tap,
mbwa akiinua sikio.

Hajapona. Daktari hakulitumia neno hilo hata mara moja.
Ila jana usiku, Septemba, saa tisa,
aliamka kwa mazoea, akasubiri maumivu,
yakachelewa.
Akaenda ukutani gizani na kiberiti chake.
Kikakaa.
Akasimama pale, ameshikilia ukuta kwa kichwa,
hataki kumeza mate.